Sifa za Kufundisha Kiingereza Nchi za Nje: Anza na Kibali cha Kazi, Kozi Ifuate

Wengi wanaotaka kwenda nje kufundisha Kiingereza huanzia kwenye kozi. Wameona tangazo la cheti cha ualimu wa Kiingereza cha saa 120, bei imeshushwa na mwisho ni kesho. Wanalipa, wanamaliza, wanachapisha cheti chenye nembo ya kung'aa, kisha ndipo wanauliza: sasa niende wapi? Hapo ndipo wanagundua kwamba nchi waliyoitamani haikuwa na haja kubwa na cheti hicho. Ilitaka shahada, ilitaka pasipoti ya nchi fulani, ilitaka hati ya polisi yenye mhuri wa wizara.

Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Unaanza na nchi na kibali chake cha kazi, na kozi unaichagua ukishajua inakwenda kufanya kazi gani. Mpangilio huu unaokoa pesa. Pia huenda ukakuonyesha mapema kwamba nchi uliyoilenga haikufai, na hilo ni afadhali ulijue ukiwa bado kwenu.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali ya serikali na maswali ya shule

Ukisoma tangazo la kazi utaona orodha moja ya sifa, lakini ndani yake kuna sauti mbili zinazoongea kwa pamoja. Ya kwanza ni ya idara ya uhamiaji. Hiyo inauliza uraia, shahada, rekodi ya polisi, afya na wakati mwingine umri. Haibembelezeki, maana afisa anayepokea faili lako ana orodha mbele yake na kila kipengele ama kipo ama hakipo. Ya pili ni ya mwajiri. Huyo anauliza cheti cha ualimu, uzoefu, na namna unavyosimama mbele ya darasa. Mwajiri unaweza kuzungumza naye. Akikupenda, anaweza kusamehe mwaka mmoja wa uzoefu unaopungua.

Kuchanganya sauti hizi mbili ndiko kunakowapoteza watu. Mwenye shahada ya uhandisi wa majengo ambaye hajawahi kushika chaki anaweza kupata viza ya kufundisha Kiingereza, na mwalimu mahiri wa miaka kumi asiye na shahada akanyimwa. Si haki, lakini sheria za viza hazikuandikwa na walimu.

Kwa hiyo chukua karatasi, igawe sehemu mbili, na kila sifa unayokutana nayo iandike upande wake. Upande wa serikali ukiwa na kipengele hata kimoja usichoweza kukitimiza, usiendelee na nchi hiyo. Badilisha nchi.

Hatua ya 2: Pima nchi kwa sheria zake

Hapa panahitaji subira, kwa sababu nchi hazifanani, na sheria za viza hubadilika. Kabla ya kulipa chochote, hakiki kila kitu kwenye tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji ya nchi husika, wala usitegemee maneno ya wakala. Picha ya jumla, hata hivyo, inaeleweka.

Korea Kusini ndiyo yenye mlango mwembamba na ulioandikwa waziwazi. Viza ya walimu wa lugha, iitwayo E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Juu ya uraia huo inatakiwa shahada ya kwanza ya somo lolote, pamoja na hati ya polisi ya ngazi ya taifa, na nyaraka zote mbili ziwe zimethibitishwa kimataifa. Ukifika unapimwa afya, na vipimo hivyo ni pamoja na vya dawa za kulevya. Kama pasipoti yako haimo katika hizo saba, Kiingereza kizuri peke yake hakitakufungulia, hata ukipata alama za juu kuliko mwalimu unayemkuta huko.

Japani ina njia maarufu ya serikali, programu ya JET, iliyoanza mwaka 1987. Inapeleka walimu wasaidizi kwenye shule za umma kwa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa hadi miaka mitano. Inataka shahada ya kwanza ya fani yoyote, wala hailazimishi cheti cha ualimu wa Kiingereza. Kilicho kigumu ni ushindani, fomu ndefu, insha na usaili kwenye ubalozi. Nje ya JET zipo kampuni za kusambaza walimu wasaidizi na shule binafsi za lugha. Viza ya shule za umma na ile ya shule binafsi ni aina mbili tofauti, kwa hiyo ukitaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine, uliza kwanza uhamiaji.

China inataka shahada ya kwanza, hati ya polisi, vipimo vya afya, na juu yake ama uzoefu wa miaka miwili ama cheti cha ualimu, na hapo ndipo cheti cha saa 120 kinapokuwa na kazi halisi. Maafisa wake hupendelea raia wa nchi zinazohesabiwa kuwa za wazungumzaji wazawa wa Kiingereza, na utekelezaji hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Usikubali kwenda kufundisha kwa viza ya utalii au ya mwanafunzi. Waajiri wanaopendekeza hivyo wapo tele, na anayebeba adhabu pale polisi wanapobisha hodi ni mwalimu.

Vietnam na Thailand zina mlango mpana zaidi. Zote zinataka shahada ya kwanza na hati safi ya polisi. Vietnam huongeza cheti cha kufundisha. Nchini Thailand, anayetaka kufundisha katika shule rasmi hushughulika pia na Baraza la Walimu, linalotoa leseni au ruhusa ya muda. Wasio wazungumzaji wazawa wanaajiriwa katika nchi zote mbili, ila wanaombwa ushahidi wa kiwango chao cha Kiingereza. Kambodia imejulikana kwa miaka mingi kama mahali ambapo hata asiye na shahada hupata kazi, japo mishahara inaonyesha hivyo.

Nchi za Ghuba, yaani Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Oman, Qatar na jirani zao, hulipa vizuri na huuliza mengi. Vyuo vikuu vya huko mara nyingi vinataka shahada ya uzamili katika ualimu wa Kiingereza au isimu tumizi, cheti kama CELTA (cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, tutakirudia kwenye Hatua ya 4), na uzoefu wa miaka kadhaa baada ya hapo. Shule zinataka shahada ya ualimu au leseni ya nchi uliyotoka. Shahada za masafa hutazamwa kwa jicho kali. Huku si pa kuanzia kazi. Ni pa kuelekea baada ya miaka mitano hivi.

Ulaya tatizo ni uraia kuliko vyeti. Mwenye pasipoti ya Umoja wa Ulaya anaingia na kuanza kazi, na asiye nayo anahitaji mwajiri aliye tayari kumhangaikia kibali, nao ni wachache. Waingereza wenyewe walipoteza nafasi hiyo mwishoni mwa mwaka 2020, uhuru wa kuhamahama ulipokoma baada ya nchi yao kujitoa katika Umoja, wakati Waairishi wanaendelea kuwa nayo. Ndiyo maana programu za serikali za walimu wasaidizi nchini Hispania na Ufaransa zina umaarufu mkubwa: zinakuja na viza yake. Mshahara ni wa kujikimu, na Ufaransa hutaka uwe na Kifaransa cha kutosha.

Amerika ya Kusini na ya Kati zipo taasisi nyingi za lugha zisizong'ang'ania shahada. Zinataka cheti, uchangamfu, na mtu aliyekwisha fika mjini. Malipo mara nyingi ni kwa saa, na likizo za shule ni likizo za mfuko pia.

Hatua ya 3: Thibitisha Kiingereza chako kwa karatasi

Hatua hii ni ya yule ambaye pasipoti yake haimo kwenye orodha ya wazawa. Wenye pasipoti hizo wanaweza kuiruka, ingawa wengi wao wangenufaika kwa kufanya mtihani wa sarufi kabla ya kusimama darasani.

Kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni ngazi za CEFR, mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, unaoanzia A1 kwa anayeanza kabisa hadi C2 kwa mahiri. Mwalimu anayetaka kuheshimiwa alenge C1 kwenda juu. CELTA yenyewe hupokea waombaji wa C2 au C1 ya juu, kwa hiyo ukiwa B2, pesa za kozi zielekeze kwanza kwenye kukuza lugha.

Kuhusu mtihani gani ufanye, angalia muda wa uhai wake. Matokeo ya IELTS, TOEFL na TOEIC kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka miwili, kisha unarudi kulipa upya. Cheti cha Cambridge cha C2 hakina tarehe ya kuisha. Mtihani huo ndio mkongwe katika ukoo wake: ulifanyika mara ya kwanza mwaka 1913, watahiniwa wakawa watatu, na wote watatu wakaanguka. Siku hizi wanaofaulu ni wengi, lakini bado si mtihani wa kuingia kwa mazoea. Kama unajua utakuwa kwenye kazi hii kwa muda mrefu, mimi ningeufanya huo mara moja na kuachana na kulipa kila baada ya miaka miwili. Kama una haraka ya viza ya mwaka huu, IELTS inatosha. Panga tu tarehe yako isiwe mapema mno, alama zisije zikaisha faili likiwa bado kwenye foleni.

Kuhusu upendeleo kwa wazawa, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko mwaka 2006 kikipinga kubagua walimu kwa sababu ya lugha yao ya kwanza. Tamko halibadilishi sheria ya viza, lakini kwa mwajiri mwenye uhuru wa kuchagua linasaidia. Katika barua yako ya maombi usijitetee. Eleza faida uliyo nayo: umejifunza lugha hii kwa jasho, unajua mwanafunzi anakwama wapi na kwa nini, na unaweza kueleza kanuni ambayo mzawa anaijua kwa sikio tu.

Hatua ya 4: Sasa chagua kozi

Vyeti vya ualimu wa Kiingereza ni soko lisilo na mwenye soko. Hakuna chombo kimoja duniani kinachosema kozi hii ni halali na ile si halali. Yeyote anaweza kufungua tovuti, akaandika saa 120, akaweka nembo ya shirika la ithibati ambalo yeye mwenyewe amelianzisha. Namba 120 yenyewe imekuwa kama kipimo cha kawaida kwa sababu ndiyo kiwango cha chini cha saa za CELTA. Tofauti ni kwamba saa za CELTA ni za kuwa na wakufunzi, na saa za kozi ya kubofya ni makadirio ya muda utakaokaa mbele ya skrini.

Nini basi kinatenganisha cheti na cheti? Ni mazoezi ya kufundisha yanayotazamwa na mkufunzi, mbele ya wanafunzi wa kweli. Kama kozi haina hayo, umesoma kuhusu kufundisha. Hujafundishwa kufundisha.

Kozi mbili za awali zinazotambuliwa popote ni CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London. Zote zimesajiliwa na Ofqual, msimamizi wa mitihani wa Uingereza, katika ngazi ya 5. Asili ya CELTA inarudi mwaka 1962, John Haycraft alipoendesha kozi fupi ya kwanza ya aina hiyo katika shule yake ya lugha, International House, London, kwa sababu alihitaji walimu na hakukuwa na mahali pa kuwafundisha haraka. Leo inachukua wiki nne za kuhenyeshwa kutwa, au miezi kadhaa kwa wanaosoma kwa muda wa ziada, na ipo pia ya mtandaoni. Ndani yake kuna saa sita za kufundisha ukiwa unapimwa, kwa madarasa ya angalau ngazi mbili, saa sita za kutazama walimu wazoefu, na kazi nne za kuandika. Mtathmini wa nje hutumwa kukagua kila kozi.

Saa sita zinasikika kuwa chache. Zipime kwa kile kinachotokea ndani yake. Umesimama mbele ya watu wazima kumi na wawili waliokuja kujifunza bure kwa sababu wewe ni mwanagenzi. Nyuma ameketi mkufunzi na fomu, anaandika dakika kwa dakika: hapa umeongea peke yako dakika nne, hapa umeandika ubaoni ukiwa umewapa mgongo, hapa yule mama wa kona ya kushoto hajasema neno tangu somo lianze. Andalio lako la somo analo mkononi na analilinganisha na unachofanya. Kikao cha tathmini hufuata mbele ya wenzako, nao pia wanasema walichokiona.

Kitu kimoja kinachopigiwa nyundo humo ni namna ya kuhakikisha mwanafunzi ameelewa. Chukua sentensi *She used to smoke*. Mwalimu asiyepitia mafunzo ataeleza habari za mazoea na wakati uliopita kwa dakika tano, kisha atauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima litaitikia ndiyo, kwa adabu tu. Aliyefundishwa atauliza maswali mafupi matatu. Zamani alikuwa akivuta? Ndiyo. Mara moja au mara nyingi? Mara nyingi. Na sasa anavuta? Hapana. Akipata jibu la "ndiyo" kwenye swali la tatu, amejua pale pale ni nani hajashika na ameshindwa wapi. Ni jambo dogo, na hakuna video itakayokuzoesha kulifanya ukiwa umesimama, saa inakimbia na kalamu ya ubao imekauka.

CertTESOL inafanana na CELTA kwa uzito, ikiwa na saa sita vilevile za kufundisha kwa kutazamwa. Ina kipengele kimoja ninachokipenda sana: wanagenzi wenyewe hufundishwa lugha wasiyoijua kabisa kwa saa chache, kisha wanaandika walivyojisikia. Mtu aliyekaa dakika arobaini akisikia maneno yasiyoshikika hatamzomea tena mwanafunzi anayechelewa kujibu.

Kati ya hizo mbili chagua iliyo karibu au iliyo nafuu. Waajiri huzichukulia sawa. British Council hutambua zote mbili kama sifa ya awali ya mwalimu wa Kiingereza. Fomu ya kujiunga ina maswali ya sarufi na usaili wa kweli, na wapo wanaokataliwa.

Lakini ada ni kubwa, na si kila mtu anaihitaji. Kama nchi yako kwenye Hatua ya 2 inataka shahada na cheti cha saa 120 tu, na unakwenda kuwa msaidizi wa mwalimu kwa mwaka mmoja, kozi ya mtandaoni ya heshima inatosha. Ichunguze kabla ya kulipa. Je, imesajiliwa na msimamizi wa serikali, ukiitafuta wewe mwenyewe kwenye rejesta ya Ofqual na si kwa kuangalia nembo kwenye tovuti yao? Kuna mkufunzi mwenye jina anayesoma kazi zako na kukuandikia maoni, au ni maswali ya kuchagua yanayojisahihisha? Kuna nafasi ya kuongeza saa za mazoezi darasani? Na cheti chenyewe kinaweza kuthibitishwa na wizara? Swali hilo la mwisho huwaacha wengi mdomo wazi, kwani cheti cha kampuni ya mtandaoni iliyoko nchi nyingine huenda kisipokelewe na ofisi ya uthibitisho ya nchi yako. Kikishathibitika kuwa hakipokelewi, pesa imekwenda na maji.

Kwa anayefundisha tayari na anahitaji tu karatasi ya kuonyesha kwamba nadharia anaijua, kuna TKT ya Cambridge. Ni mtihani wa moduli tatu za msingi, kila moja maswali 80 kwa dakika 80. Hakuna kufeli, matokeo hutolewa kwa madaraja kuanzia 1 hadi 4. Haina mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo haichukui nafasi ya CELTA, lakini kwa mwalimu mzoefu ni njia ya bei ndogo.

Anayetaka kufundisha katika shule za kimataifa, zile zenye mitaala ya Uingereza au Marekani, ajue kwamba hizo ni habari nyingine kabisa. Huko CELTA haitoshi. Wanataka mwalimu mwenye leseni: PGCE (cheti cha uzamili cha ualimu) yenye QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyehitimu, kwa Uingereza, au leseni ya jimbo kwa Marekani. Angalia pia usichanganye PGCE ya kawaida na PGCE ya kimataifa ya masafa, ambayo peke yake haikupi hadhi ya QTS.

Diploma za ngazi ya 7, DELTA na DipTESOL, ziache kwanza. Zinamfaa mwenye miaka miwili au zaidi darasani anayetaka kuwa mkuu wa taaluma au mkufunzi wa walimu.

Hatua ya 5: Andaa nyaraka mapema kuliko unavyodhani

Kazi nyingi zimepotea hapa kuliko kwenye usaili. Mwajiri amekubali, muhula unaanza baada ya wiki sita, na shahada bado iko ofisini ikingoja mhuri.

Nyaraka zako kuu ni shahada, nakala ya matokeo ya chuo, hati ya polisi na cheti cha ualimu. Nchi unayokwenda haiamini mihuri ya nchi yako hivi hivi. Kama nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Apostille uliofanyika The Hague tarehe 5 Oktoba 1961, mambo ni mepesi: mamlaka moja ya nchi yako inabandika cheti cha apostili, basi. China ilikuwa nje ya mkataba huo kwa muda mrefu, ukaanza kutumika huko tarehe 7 Novemba 2023, na walimu wengi wakapunguziwa mizunguko. Kama nchi mojawapo si mwanachama, unapita njia ndefu: chuo au mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Kila dirisha lina ada yake na siku zake.

Jina lako lisomeke sawasawa kila mahali. Shahada ikiwa na majina mawili na pasipoti matatu, au herufi moja imebadilika, au jina la ndoa limeingia katikati, tafuta hati ya kiapo au cheti cha ndoa na ukithibitishe pamoja na mengine. Afisa wa viza hana sababu ya kukisia kwamba hawa wawili ni mtu mmoja.

Shahada usiitie plastiki ya laminesheni. Wanaofanya hivyo hufanya kwa nia njema, lakini mhuri haushiki juu ya plastiki na ofisi nyingi huikataa.

Hati ya polisi ina uhai mfupi, na nchi nyingi hutaka iwe imetolewa ndani ya miezi sita. Iombe baada ya shahada kuthibitishwa, isije ikaisha ikingoja wenzake. Kama umeishi nchi nyingine kwa muda mrefu, huenda ukadaiwa hati ya huko pia, na kuiomba ukiwa mbali huchukua miezi.

Hatua ya 6: Usaili na somo la majaribio

Wengi wataomba ufundishe kidogo, aidha kwa video aidha ana kwa ana. Watakupa dakika kumi au kumi na tano. Chagua jambo dogo, kwa mfano maneno sita ya hali ya hewa na swali moja la kuulizana, uache wanafunzi waongee kuliko wewe. Kosa la wageni ni kutaka kuonyesha wanajua sarufi. Mwajiri anaangalia kama maelekezo yako ni mafupi, kama unangoja jibu bila kulijaza mwenyewe, na kama uso wako unakaribisha.

Wewe nawe una maswali. Nani analipia kibali cha kazi? Kibali kitaandikwa jina la shule gani? Saa za kufundisha kwa wiki ni ngapi, na saa za maandalizi zinahesabiwa? Omba kuzungumza na mwalimu wa kigeni aliyeko pale sasa, bila mkuu wa shule kuwepo. Shule inayokwepa ombi hilo imeshajibu.

Hatua ya 7: Kama unafikiria kubaki nyumbani na kufundisha mtandaoni

Fupi tu. Soko kubwa la kufundisha watoto wa China kwa video lilifungwa Julai 2021, serikali ya huko ilipozuia kampuni za masomo ya ziada kufanya faida kwa masomo ya msingi na kukataza kuajiri walimu walioko nje ya nchi. Kozi zilizokuwa zikiuzwa kwa ahadi ya kazi hizo bado zinauzwa. Majukwaa yaliyobaki mengi ni ya kujitafutia wanafunzi wewe mwenyewe. Shahada huwa si lazima, cheti na wasifu mzuri husaidia, na kipato hupanda na kushuka.

Hatua ya 8: Kabla ya kupanda ndege

Usisafiri kwa ahadi kwamba "viza tutaibadilisha ukifika" mpaka uwe umesoma kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi hiyo kwamba kubadilisha kunaruhusiwa. Baadhi ya nchi zinaruhusu, nyingine zitakutoa nje ya mpaka kwanza kwa gharama zako. Pasipoti iwe na kurasa tupu na uhai wa kuvuka mkataba wako, maana kuihuisha ukiwa ugenini humaanisha safari ya ubalozini, na kibali kilichobandikwa kwenye ile ya zamani kinapaswa kuhamishwa.

Nyaraka halisi zibebe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiende kwenye mzigo wa chini ya ndege. Skani zote, kila ukurasa na kila mhuri wa nyuma, zihifadhi kwenye barua pepe yako. Weka picha za pasipoti za ziada, kumi hivi, na uulize vipimo kabla ya kupiga kwa sababu nchi zinatofautiana kwa ukubwa na rangi ya nyuma. Mwajiri akitaka kukaa na pasipoti yako "kwa usalama", mpe nakala.